Kisasi cha Madamu Clémentine

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Angèle alikimbia na wanawake wa chuo cha ualimu huko Kashikishi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, lakini Madamu Clémentine, mwalimu aliyeanzisha timu ya kwanza ya wanawake chuoni hapo, hakumfukuza mtu mwenye miguu.

Uwanja wao ulikuwa kando ya Ziwa Mweru, karibu na soko la samaki. Siku moja walimkuta Goodson, mchuuzi wa samaki, ametandaza nyavu zake za buluu uwanja mzima na kuanika chisense, wale samaki wadogo wa ziwa hilo.

"Hii uwanja ni ya koleji," Madamu alimwambia.

Goodson akacheka. "Banamuke bakimbie ku jikoni!"

Soko zima likaangua kicheko. Angèle alichemka kwa hasira. Mashindano ya vyuo yalikaribia, na mkuu wa chuo alikwisha kusema kwamba timu isiyo na uwanja itavunjwa.

Kesho yake Angèle aliwatangulia wenzake. Aliona samaki wabichi juu ya wavu wa buluu, akachota mchanga na kuwamwagia. "Kula sasa!" alinong'ona, na moyo wake ukaona raha kweli kweli.

Raha ilikatika aliposikia kilio. Wavu ulikuwa wa Goodson, lakini asubuhi hiyo alikuwa amemwazima Bana Ireen, yaani mama yake Ireen, yule msichana aliyekuwa mkimbiaji bora wa timu. Samaki walikuwa wake. Watu wakaanza kuwashuku watoto wa bandarini. Angèle angeweza kunyamaza, ila alimwendea Madamu.

"Madamu, ni miye," alisema huku akilia. "Nilizani ni ya Goodson."

Madamu alimtazama kwa ukali. "Omba Bana Ireen musamaha. Kisha kamata beseni."

Timu nzima iliwaosha samaki ziwani na kuwaanika upya. Kisha Madamu akaenda moja kwa moja kwa Goodson, katikati ya wateja wake.

"Kila siku unajisifu ulikuwa bingwa wa mbio. Shindana na Ireen sasa hivi, batu bote baone. Ukishindwa, toa nyavu yako."

Goodson hakuwa na pa kukimbilia. Akavua viatu. Walianzia kwenye mitumbwi, wauzunguke uwanja na kurudi. Ireen alipofika, Goodson alikuwa bado upande wa pili wa uwanja, ameshika kiuno, anahema. Walewale waliocheka jana walimzomea mpaka akakaa chini. Bana Ireen alimpigia Goodson vigelegele sikioni. Jioni hiyo nyavu zilikunjwa.

"Madamu, kumbe na weye ulitaka kulipiza?" Angèle aliuliza.

"Sana! Tangu nikiwa mutoto banasema mwanamuke hakimbie. Kila timu ninafundisha ni kisasi yangu. Lakini yangu niliifanya mbele ya batu, ikamupata mwenye makosa. Yako uliifanya kwa kujificha, ikamuangukia Bana Ireen. Ukiona lazima ujifiche, ujue umekosea hata mbele ya kuanza."

Kisha akapuliza filimbi. Wakakimbia, na safari hii Madamu aliwapitisha makusudi mbele ya kibanda cha Goodson.