Vidonge vya Mwasho na Kibuyu cha Wanzuki

Miyombo inapoanza kutoa majani mapya mekundu, wafuga nyuki wa Kwihara hawakai nyumbani. Ni wakati wa kusokota kamba, kubeba mizinga mipya na kwenda porini kuipandisha mitini kabla maua hayajafunguka. Nyuki hawamsubiri mtu. Aliyechelewa atakula asali ya jirani, tena kwa macho.

Anselm alikuwa hodari wa kazi hiyo. Mti ambao wenzake waliutazama na kukuna vichwa, yeye aliupanda. Lakini mwaka huo mwili wake ulianza kuwakataa nyuki. Akiumwa na mmoja tu, ngozi ilimtoka mabaka makubwa, naye alijikuna mpaka damu. Mara ya mwisho aliumwa shavuni, kope zikavimba hata hakuweza kuona vizuri. Akaenda zahanati. Mhudumu wa hapo, dresa aliyeitwa Silasi, akampa vidonge vya kutuliza mwasho. Vikamsaidia. Mabaka yakashuka.

Hata hivyo, Imakulata, mke wake, hakuwa na raha. Tangu vidonge viingie nyumbani, mumewe alikuwa mtu mwingine. Alisinzia huku tonge likiwa mkononi. Alijigonga kwenye mlango alioujenga mwenyewe.

Asubuhi ya kupandisha mizinga, Imakulata alimwekea uji.

"Baba Josepha, uji unapoa."

"Mm."

"Umenisikia, au unaniota?"

"Nimesikia." Anselm akanyoosha mkono. Akakishika kibakuli vibaya, uji wa moto ukammwagikia magotini. Hakuruka. Hakupiga kelele. Aliutazama tu, kana kwamba umemmwagikia mtu mwingine.

Imakulata akanyakua kitambaa, akampangusa magoti. Kabla hajasema neno, Mzee Lugembe, baba yake Anselm, akaingia uani na kibuyu mkononi. Nyuma yake alikuja Sylvester, mdogo wake Anselm, na furushi la kamba begani.

"Mwangaluka, baba," Imakulata alisalimu, akipiga goti.

"Mwangaluka, mwanangu. Huyu bado amekaa?"

"Kaka anasubiri nyuki waje wambebe," Sylvester alisema. "Si amezoeana nao siku hizi? Wanambusu mpaka shavu linavimba."

Mzee alicheka, akamimina wanzuki. Katika nyumba ile mtu hakupanda mti na koo kavu. Alikunywa kwanza wanzuki, pombe ya asali, kutoka mkononi mwa baba. Tena mzee alikuwa na imani yake: sumu ya nyuki huondolewa na asali ya nyuki. Tangu mwanawe aanze kuvimba, alimnywesha wanzuki asubuhi na jioni kama dawa.

Anselm akatoa kidonge mfukoni, akakitupa kinywani, akakishushia na wanzuki. Akanyoosha mkono, akamiminiwa tena.

"Baba," Imakulata alisema polepole, "dawa ya zahanati na wanzuki, havitagombana tumboni?"

"Vigombanie nini? Wanzuki ni asali na maji. Si umeipika wewe mwenyewe? Ulitia sumu?"

"Hapana, baba."

"Basi."

Mkwe habishani na baba mkwe. Imakulata akainama, akaokota kibakuli. Wanaume wakabeba mzinga wakaondoka. Anselm alikuwa wa mwisho, na miguu yake ilikwenda kama ya mtu anayevuka matope.

Imakulata akashika ufagio. Akafagia sehemu moja mara mbili. Akautupa. Akachukua mtungi aende kisimani, akaurudisha. Kila alipogeuka aliuona ule uji uliomwagika. Mtu anaungua na haruki! Na mtu huyo amekwenda kupanda mti.

Akajifunga kanga kiunoni, akaenda zahanati mbiombio.

Silasi alikuwa akimfunga mzee mmoja kidonda cha mguu.

"Shikamoo, Bwana Silasi."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Ni mume wangu, Anselm. Vile vidonge vya mwasho. Analala macho wazi."

"Vile huleta usingizi. Nilimwambia asifanye kazi ya hatari akivitumia. Anakunywa pombe?"

Imakulata akasita. "Anakunywa wanzuki. Baba mkwe humpa asubuhi na jioni, aondoe sumu ya nyuki."

Silasi akaacha kufunga kidonda. "Nilimwambia asiguse pombe."

"Wao wanasema wanzuki ni asali tu."

"Sikiliza, mama. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani. Mpagazi aliyebeba mzigo mmoja anatembea. Mtwishe wa pili juu ya ule wa kwanza, anaanguka njiani. Kidonge kile kinalegeza mwili na kufunga macho. Pombe nayo inafanya hivyohivyo. Vikikutana, mtu hupata kizunguzungu, mikono inakuwa mizito, akili inachelewa. Akizidisha, hata pumzi hupungua, na anaweza kufa usingizini. Sasa yuko wapi?"

"Porini. Wanapandisha mizinga."

Silasi alimkabidhi mgonjwa kitambaa ashike mwenyewe, akatoka nje na kuvuta baiskeli.

"Panda nyuma."

"Mimi? Nyuma ya mwanamume? Watu watasema."

"Waseme. Ukiwa mjane hawatasema?"

Imakulata akapanda. Baiskeli ikaruka mashimo ya njia ya zamani ya misafara. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi hewani wakawatazama. Imakulata hakuwaona. Macho yake yalikuwa mbele tu, kwenye miti.

Waliwasikia kabla ya kuwaona.

"Kaka! Pokea! Mikono yangu inakatika!"

Sylvester alikuwa chini ya mninga mrefu, amekaza kamba iliyopita juu ya tawi. Mzinga ulikuwa ukining'inia hewani, unazunguka. Juu yake, kwenye panda ya mti, Anselm alikuwa amekumbatia shina na kuweka shavu juu ya tawi. Hakunyoosha mkono kuupokea.

"Huyu ananichezea," Sylvester alisema kwa hasira. "Amelala kama chui aliyeshiba."

"Hachezi," Imakulata alisema.

Mzee Lugembe akafungua kinywa apige kelele. Silasi akamshika mkono. "Usimshtue, mzee wangu. Akishtuka ataachia. Sylvester, teremsha mzinga taratibu, kisha upande na kamba ya pili. Mama, zungumza naye. Asilale."

Imakulata akasogea chini ya mti. Akaita kwa sauti ileile aliyotumia kila siku jikoni.

"Baba Josepha! Mzinga huu ni gome la mti gani?"

Shavu la Anselm halikuinuka kwenye tawi.

"Nakuuliza wewe."

"M... mtundu," Anselm alijibu kutoka juu. Neno lilitoka kama limebebwa mgongoni.

"Uliukata wapi?"

"Kule... kwa..." Mkono wake mmoja ukateleza. Kiatu kikamtoka, kikagonga tawi, kikaanguka miguuni pa mzee.

"Kule wapi? Nijibu! Mimi si jiwe!"

"Bondeni."

Aliendelea kumuuliza. Ulikuwa na nani? Mlikula nini? Nani alitia chumvi nyingi? Alimgombeza, akamtania, akamwita majina ya utoto wake, huku machozi yakimtiririka. Sylvester akafika juu. Akamfunga kaka yake kamba kifuani, chini ya makwapa, akaipitisha juu ya tawi. Mzee na Silasi wakaikaza chini. Wakamshusha kama unavyoshushwa mzinga uliojaa asali: polepole, bila kuutikisa.

Alipogusa majani tu, Anselm akalala. Imakulata akamtikisa. Akaguna, macho hayakufunguka.

"Nipeni maziwa nimnyweshe," mzee alisema. "Au kahawa kali."

"Hapana," Silasi akakataa. "Mtu aliyelala hivi hanyweshwi kitu. Kitamwendea njia ya pumzi. Wala msimmwagie maji." Akamlaza Anselm ubavu, ili akitapika asipaliwe. Akaweka kiganja kifuani pake, akahesabu pumzi. "Kateni miti, tutengeneze machela. Atalala zahanati chini ya macho yangu. Pumzi ikipungua, tunampeleka hospitali ya mjini mara moja."

Mzee Lugembe alisimama na kile kiatu mkononi. "Mimi nilimpa asali," alisema. "Wanzuki ni asali."

"Mzee wangu, ukila asali ya sega unaimba?"

"Siimbi."

"Na ukinywa vibuyu viwili vya wanzuki?"

Mzee akatazama chini. "Naimba."

"Anaimba mpaka mbwa wanaondoka," Sylvester alisema, lakini hakuna aliyecheka.

"Basi ni pombe," Silasi alisema. "Haiondoi sumu ya nyuki. Imemwongezea sumu nyingine."

Jua lilipoelekea kuzama, Anselm akaamka zahanati. Kichwa kilimuuma na mdomo ulikuwa mkavu. Imakulata alikuwa akizunguka kitanda, hajakaa tangu walipofika.

"Nilikwambia usiguse pombe," Silasi alimwambia Anselm.

"Uliniambia. Lakini wanzuki..."

"Ulijua. Uliisikiliza ile sauti iliyokupendeza."

Anselm akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Sitaki uache vidonge," Silasi aliendelea. "Vidonge havina kosa. Pombe ndiyo utaacha muda wote unapovitumia, iwe wanzuki, ya mtama, au ya chupa. Usidhani kunywa pombe jioni na kidonge asubuhi ni salama. Vyote hukaa mwilini, hukutana humo. Na siyo vidonge hivi tu. Hata dawa za kikohozi na mafua, ziko zinazoleta usingizi namna hiyo. Uliza kabla ya kumeza. Na siku ukimeza, hupandi mti wala huendeshi baiskeli."

"Na nyuki wakimuuma tena?" Imakulata aliuliza.

"Ajifunike vizuri, atumie moshi wa kutosha. Akiona koo linabana au pumzi inakuwa ngumu, msingoje kidonge wala majirani. Hospitali, hapo hapo."

Mzee Lugembe alisikiliza yote akiwa mlangoni. Alikwenda zake na kibuyu chake, na njiani akamwaga kilichobaki.

Baada ya siku kadhaa walirudi kwenye mninga uleule. Mzinga wao ulikuwa bado chini, na maua yalikuwa karibu. Safari hii mzee alibeba vibuyu viwili. Kimoja kilikuwa na maji ya asali, kwa ajili ya wapandaji. Cha wanzuki alikitundika mbali, kingoje mpaka kazi iishe na kila mtu awe ardhini.

Kabla ya kumimina, alimshika Anselm kidevu, akamtazama machoni kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Umemeza?"

"Jana waliniuma, baba. Leo nimemeza."

"Basi utashika kamba. Sylvester atapanda. Na kile kibuyu cha pale, hata kazi ikiisha, si chako."

"Sylvester? Huyu anayeogopa ngazi?"

"Nilikushusha wewe," Sylvester alisema, tayari yuko juu ya tawi la kwanza. "Vuta kamba, kaka, acha maneno."

Anselm akanywa maji ya asali, akafuta mdomo, akaishika kamba kwa mikono miwili. Macho yalikuwa mazito kidogo, lakini miguu ilikuwa juu ya udongo. Mzinga ukapanda, ukafika kwenye panda, Sylvester akaupokea na kuufunga. Muda si mrefu nyuki wa kwanza akaja, akauzunguka, akaingia.

Imakulata, aliyekuwa amewaletea chakula, alimtazama nyuki yule mpaka akapotea ndani. Kisha akaketi kwenye majani, akanyoosha miguu.