Msandali kwenye Rafu Tupu

Rafu ya chini ilikuwa tupu. Seva ya nakala za akiba ya hospitali ya saratani, hapa Thrissur, kusini mwa India, ilikuwa imetoweka. Asubuhi hiyohiyo, watu wakirudi kazini baada ya Ayudha Puja, sikukuu ya kubariki vitendea kazi, seva kuu nayo ikakutwa imekufa.

Inspekta Bindu Kurup alipiga magoti mbele ya rafu. Daktari Ponnamma alisimama nyuma yake, hatulii.

"Mipango yote ya mionzi ilikuwa kwenye seva hizo, afande. Kuna mtoto, Nivedya, ana uvimbe kichwani. Tukianza kumpima upya, tiba inakatika. Uvimbe hausubiri."

"Basi mwizi namtaka leo," alisema Bindu. Alipenda kesi za namna hii, na hakuona haya.

Mlango haukuvunjwa. Askari wake walichukua alama za vidole, lakini yeye alikuwa ameshaona kitu kingine. Mashine zote chumbani zilipakwa rojo ya msandali, ule mti wa manukato, na kuwekewa maua ya sikukuu. Na kwenye bati la rafu tupu, palepale seva ilipokaa, palikuwa na matone makavu ya msandali na maua yaliyonyauka.

Alimwita Sajeevan, fundi mkuu wa kompyuta. Ndiye aliyeipanga seva ile, na ndiye aliyetoa taarifa ya wizi.

"Uliiona lini mara ya mwisho?"

"Jioni ya kuamkia sikukuu. Niliingia peke yangu kufanya puja, ile ibada ya kuzibariki mashine. Niliipaka msandali mwenyewe."

"Ikiwa hapa?"

"Hapahapa, afande."

"Sasa msandali ulipenyaje chini yake? Au ulikuwa unaibariki hewa?"

Sajeevan aliyatazama yale matone kwenye bati.

"Ilishatoka kabla ya puja, kaka. Mkono wako ukanyunyiza kwa mazoea. Iko wapi?"

"Stoo ya eksirei," alisema Sajeevan. "Niliipanga vibaya. Nilichagua prosesa kali, nikaipa diski moja ya kivivu na kumbukumbu kiduchu. Kompyuta zote zinaanza kunakiliwa kwa mpigo, mafaili madogomadogo hayahesabiki, diski inahangaika mpaka asubuhi. Wauguzi wakianza kazi, mtandao unajaa, nakala inakatika. Haijawahi kukamilika."

"Ukaificha."

"Nilitaka kuirekebisha kimyakimya. Nimeongeza diski na kumbukumbu, nimeziweka kompyuta zinakiliwe kwa zamu, nikaiunganisha na mtandao kulekule stoo. Leo seva kuu ikafa. Nikajua watakuta nakala nusunusu, nikasema imeibwa."

"Si ungekiri tu umekosea?"

"Mimi ndiye niliyewabishia wakubwa kwamba programu huria ya kunakili inatosha. Wangeitupa. Wangesema cha bure ni takataka. Programu haina kosa, afande. Kosa ni langu."

"Umeangalia safari hii imefika wapi?"

"Sijathubutu."

"Mtoto anangoja, wewe unaogopa skrini. Twende."

Stoo ilikuwa na joto la mashine. Sajeevan alifungua skrini, akaisoma, akarudia kuisoma. Sikukuu nzima vitendea kazi vilipumzishwa, kama desturi. Kompyuta zilikuwa zinawaka lakini hakuna aliyezigusa, na mtandao ulikuwa mtupu.

"Imekamilika," alisema. "Yote. Na mpango wa Nivedya."

Bindu alifurahi mpaka akampiga ngumi ya bega. Daktari, aliyekuwa amewafuata, alikuwa ameshatoa simu, anamwita mama wa mtoto.

Sajeevan akanyoosha mikono yote miwili, tayari kufungwa pingu.

"Taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa, na utashtakiwa," alisema Bindu. "Ila hiyo mikono naihitaji kwanza. Rudisha mafaili."