Medali Tatu za Mzee Pandu

Saini zilikuwa tatu, zote za Mzee Pandu Ubwa, na ya mwisho ilikuwa mbichi. Sisemi mbichi ya juzi, nasema mbichi ya wino. Himid, karani wa kumbukumbu za jeshi, alipitisha kidole kumwonesha Tahiya tarehe, na kidole kikatoka na buluu. Tarehe yenyewe ilikuwa ya mwaka tisini na sita.

"Unaona, dada," Himid alisema huku akikifuta kidole kwenye suruali. "Ya vita vya Kagera, kachukua. Ya utumishi mrefu, kachukua. Ya utumishi mwema, kachukua. Sasa mnaomba kumbukumbu zisahihishwe, nisahihishe nini?"

Tahiya akamgeukia baba yake. Mzee Pandu alikuwa na miaka sitini na tisa, na kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi kwa ajili ya siku hiyo. Aliinamia lile daftari kwa muda mrefu.

"Saini ni yangu," alisema. "Lakini wallahi sikuitia mimi."

Tahiya alikuwa akiuza vitambaa Darajani, na mwenye duka Darajani humjua mwizi kabla hajaingia. Alimtazama Himid. Wino mbichi kwenye daftari la zamani? Hapana, hapa kuna mtu anacheza. Himid naye alimtazama mzee kwa jicho la kuuliza kama hakuitia saini ile sasa hivi, yeye alipokwenda kutafuta miwani. Wakawa wanashukiana wote watatu, na feni inazunguka.

"Halafu juzi mwanao alikuja, mzee," Himid akaongeza. "Kijana mrefu, kavaa gwanda la zamani. Mmefanana, tabaraka-llah! Kasimama hapo mlangoni saa sita na nusu, kauliza faili lako kalifungua nani. Nkamwambia subiri. Kugeuka, hayupo."

Mwana wa kiume wa Mzee Pandu alikuwa mmoja tu, Mudrik, na Mudrik alikuwa na duka la vitu vya kale Hurumzi.

Hapo msimlaumu Tahiya kwa alivyowaka. Miaka arubaini na kitu baba yake amesubiri. Kila Siku ya Mashujaa wenzake hutoka na vifua vinang'aa, yeye hutoka na vifungo vya shati. Kwenye baraza ya Kiponda, jirani yao Mzee Ame alimpachika jina la Askari wa Redio, maana yake vita kavisikia redioni tu. Watu hucheka. Mzee Pandu hucheka nao, kisha akipanda juu hagusi chakula. Tahiya alikuwa amekula yamini kwamba baba yake hatazikwa kabla ya kuvishwa medali zake.

Alifika Hurumzi bila hata kuvua miwani ya jua, akalivuta sinia la shaba ambamo Mudrik huweka sarafu na medali za Waingereza, akaanza kulipekua.

"Ala! Hata salamu hakuna?" Mudrik alisema.

"Za baba umemuuzia nani?"

"Za baba zipi?"

"Usinifanye mtoto. Umeonekana ofisini, na gwanda umevaa."

Mudrik alimwangalia, akacheka, kisha akaona dada yake hacheki. "Da Tahiya, mimi nimezaliwa tisini na mbili. Saini ya kwanza ni ya mwaka gani?"

"Themanini na moja."

"Basi niliiba na mama hajaolewa."

Hesabu ilikuwa sawa, lakini moyo wa Tahiya haukutulia. Alimwacha anapanga sinia lake na kununa, akarudi Kiponda kuandika barua ya pili, kali kuliko ya kwanza, na kesho yake akaipeleka.

Tangu siku hiyo nyumba ikaanza kunuka. Kwanza alidhani ni panya kafia kwenye boriti. Akafukiza udi, akafagia, akamwaga dawa. Harufu ilikuja adhuhuri tu, baada ya adhana, baba yake akiwa msikitini. Harufu ya mavi ya popo na ya udongo usiowahi kuona jua, na ikifika Laasiri imekwisha.

Jumatatu moja alikuwa ukumbini peke yake, anapinda kitambaa, akasikia buti kwenye ngazi. Zile ngazi za nyumba za Mji Mkongwe mnazijua, ndefu na nyembamba, mtu hawezi kuzipanda kimya. Akainua macho, akaona mgongo wa kijana mrefu mwenye gwanda unapita mlangoni kuelekea juu.

"Mudrik! Umekuja kuomba radhi?"

Kijana hakugeuka, na Tahiya, ambaye bado alikuwa na hasira zake, akaweka sindano chini akamfuata, ngazi ya kwanza, ya pili, huku akisikia kitu kinagongana juu yake, chuma juu ya chuma, polepole, mahali ambapo kifua cha mtu kingekuwa, na ile harufu ikizidi kumjaa puani mpaka akaziba mdomo kwa mtandio, na akiwa katikati ya ngazi, anamwita ndugu yake kwa jina na ndugu yake haitiki, simu ikalia mkononi mwake, akaitazama, akaona jina la Mudrik, akaipokea na kumsikia Mudrik akisema kwa sauti ya shida kwamba yuko Kidichi na wageni, gari imeharibika, amtafutie fundi, na juu yake, palipobaki ngazi tatu au nne tu, buti zikasimama.

Tahiya hakuinua kichwa. Alishuka kinyumenyume, mkono ukutani, anasoma kila alichowahi kukihifadhi.

Mzee Pandu alimkuta kakaa kizingitini barabarani, kichwa wazi. Alipanda ngazi mwenyewe. Tahiya alipopata nguvu ya kumfuata alimkuta ameshika fagio, anafagia nyayo za vumbi jeupe. Zilikuwa za kupanda tu, za kushuka hazikuwepo. Na anafagia haraka haraka, kwa jicho la kuibia.

"Baba, unamjua."

"Simjui."

"Baba."

Mzee akaketi kwenye ngazi, fagio mapajani. Alinong'ona, ingawa walikuwa wawili tu. "Nilimwona mara moja. Vitani. Bomu lilitufukia handakini watu wanane. Kiza, udongo mdomoni, nikajua nshakufa. Mara mtu anafukua kwa mikono. Nikamwona uso. Ulikuwa uso wangu, Tahiya. Kisha sijui ilikuwaje, nikajikuta nimesimama juu, na walio chini wote wamekufa. Sikumwambia mtu. Ningesema nini?"

Jioni ile ile Tahiya alimpigia simu Bi Kazija, dada mkubwa wa baba yake, Bwejuu. Bi Kazija alikuwa mtu wa kupunga pepo na kufukiza, anayeitwa hata na wenye magari. Alifika asubuhi na kikapu chake, akapokea shikamoo mlangoni, na kabla hajamaliza marahaba akakunja pua.

"Hii harufu ya pangoni," alisema.

"Pango gani, shangazi?"

Bi Kazija alikuwa keshashika ngazi. Alipanda, akawasha chetezo, akarusha ubani, akazunguka vyumba vyote hadi darini. Aliporudi ukumbini alikaa mkekani akamtazama ndugu yake kwa hasira na huruma.

"Umekwenda kudai nini, Pandu?"

"Medali zangu."

"Si zako." Akashusha sauti. "Ulipopelekwa vitani, wanawake wa kijiji wenye wana jeshini walikwenda pangoni kwa mzimu kuweka nadhiri. Mnajua ada yetu: unafunga bendera yako ya kitambaa, unasema mwanangu akirudi nitaleta mbuzi, nitaleta ng'ombe. Mama alikuwa hana mbuzi, hana hata kuku wa kuazima, na alikuwa na haya mbele ya wenzake. Akatafuta kitu kisichogharimu. Nilikuwepo, nimemshikia chetezo. Akasema, nirudishie mwanangu, na heshima yoyote atakayovishwa ni yako."

Tahiya akamsogelea. "Kwa hiyo zile saini..."

"Anachukua chake. Miaka yote hii kachukua chake na hakuwagusa. Nyinyi ndio mliomfuata kwa barua, mnamwita mwizi. Akinyang'anywa heshima, na yeye atamtaka mtu wake."

"Basi tunafuta maombi," Tahiya alisema. Alimpigia Himid pale pale.

Himid alimkatiza kwa furaha. "Dada, nlikuwa nakutafuta! Maombi yamekubaliwa. Wamesema daftari limechezewa, mzee apewe upya zote tatu. Jumamosi, mbele ya watu, ataitwa kwa jina."

"Yafute, kaka Himid. Nakuomba."

"Nifute nini? Orodha imeshapita kwa wakubwa, imechapwa." Sauti ikawa na shaka. "Kwani dada, kuna jambo mlilonificha?"

Mzee Pandu alikuwa amesikia. Uso wake uling'aa, maskini, na papo hapo ukazimika. Alisema kwa ukali kwamba Jumamosi hatatoka, atajifungia.

"Ukijificha atakufuata hapa," Bi Kazija alisema. "Nadhiri aliiweka mama, wewe hujaitoa. Nenda, kaa na wenzio. Utaitwa mara tatu. Unyamaze. Asikuzibe mtu mdomo, asijibu mtu badala yako. Ukinyamaza kwa hiari yako umempa, na hana tena la kufanya kwenye nyumba hii. Ukiitika, Pandu, umevunja, na siwezi kukusaidia."

"Mbele ya Ame?"

"Mbele ya Ame na ulimwengu mzima."

Mzee Pandu alilia. Alilia waziwazi, mkono usoni. Tahiya, ambaye ndiye aliyeandika zile barua, hakujua aweke wapi macho yake.

Jumamosi wakakaa hemani, mzee safu ya mbele kwenye kanzu yake, Tahiya kiti cha nyuma yake. Mzee Ame alikuwa safu hiyo hiyo ya mbele na wazee wa baraza. Walikuwa wamesikia, na wamekuja kuona kwa macho yao. Majina yakasomwa. Watu wakainuka, wakavishwa, wakapigiwa makofi.

"Sajenti mstaafu Pandu Ubwa!"

Vichwa vikageuka. Mzee Pandu alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Sajenti mstaafu Pandu Ubwa!"

Mzee Ame aliinama akamnong'oneza jirani yake, na yule jirani akacheka. Tahiya aliona shingo ya baba yake inakakamaa na mabega yanainuka, akaona anataka kusimama, miaka arubaini na kitu inataka kusimama, na alitamani kumshika lakini amekatazwa, alitamani kupiga kelele lakini amekatazwa, akabaki kumwomba Mungu kimoyomoyo huku harufu ya popo ikiingia hemani kutoka nyuma, ikipita katikati ya manukato na jasho la watu wote wale, na hakuna aliyeziba pua ila yeye.

"Kwa mara ya mwisho, Sajenti mstaafu Pandu Ubwa!"

Mzee Pandu alifumba macho. Hakusema kitu.

"Naam!" sauti ikajibu nyuma yao. Ilikuwa sauti yake.

Buti zikapita kandoni mwa kiti cha Tahiya. Aliyaangalia majani tu; yalilala chini ya kila hatua, kisha yakainuka. Makofi yakapigwa, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Baba yake alikuwa palepale mbele yake, kakaa, macho kayafumba, machozi yanamtiririka kwenye ndevu.

Waliporudi Kiponda nyumba ilinuka ubani na mchuzi wa jirani, basi. Bi Kazija alizinusa ghorofa zote mbili, akasema, "Alhamdulillahi, kaondoka," akafunga kikapu chake ili awahi gari ya Bwejuu.

Alasiri wakamsikia Mudrik anakuja mbio, na nyuma yake baraza nzima. Mzee Ame alisimama chini ya ngazi akapiga saluti.

"Afande! Nisamehe, ndugu yangu. Miaka yote nakutania! Leo tumekuona. Kifua chote kinang'aa!"

Mzee Pandu alimtazama bila kuelewa. Mudrik akampa simu. Kwenye picha alikuwa Mzee Pandu, ndevu zake nyeupe, kanzu yake, medali tatu kifuani, anapeana mkono na mkubwa. Alikuwa anacheka. Safu ya mbele ilionekana yote, na kiti alichokalia Mzee Pandu sherehe nzima kilikuwa kitupu.

Wageni walipokwisha kuondoka, baba na binti wakabaki ukumbini kwenye benchi moja. Mzee bado alikuwa ameishika simu.

"Tahiya."

"Naam, baba."

"Huyu kavishwa, na watu wote wanamwita Pandu." Alizungumza taratibu, kwa sauti ya mtu anayejihesabia jambo. "Pale handakini uso ulikuwa mmoja, na watu wawili. Mmoja alibaki chini. Mimi nakumbuka nimesimama juu tu. Kabla ya hapo, bendera ya mama, nyumba ya Bwejuu, najua kwa sababu watu wamenihadithia. Mimi niliyerudi ni nani, mwanangu?"

"Wewe ni baba'ngu," Tahiya alisema haraka. "Acha maneno hayo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akanyoosha mkono kumshika bega. Mkono haukumfikia. Tahiya alikuwa ameshasogea hadi mwisho wa benchi, na hakujua amesogea saa ngapi.