Bibi Akigoma, Mvute!

Jumamosi ile mtaa wa maduka wa Tenjinbashi, mjini Osaka, ulifurika watu, na foleni ya katlesi kwenye bucha la kona ilikuwa imefika hadi mlangoni pa duka la viatu. Katikati ya foleni alisimama Chizuru Okabe, koti la rangi ya haradali, skafu nyekundu, njaa imemkaba. Harufu ya viazi vikikaangwa ilimlegeza, akaanza kuimba chinichini wimbo wa tangazo la televisheni la utotoni mwake:

"Baba aoge, mama aoge, bibi akigoma..."

"Mvute!" akamalizia mwanamume aliyekuwa mbele yake. Kisha akashtuka mwenyewe, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Eh! Kaka, umeujuaje huo? Hoteli ya Tokonatsuya, si ndiyo? Ile ya maji moto, kule pwani ya Wakayama!"

"Sijui, dada. Umenitoka tu."

"Umekutoka tu! Kwani wimbo ni chafya?"

Mwanamume akacheka bila kupenda. Alikuwa mrefu, ndani ya ovaroli la buluu, nywele zimelala kwa kuvaa kofia ngumu mchana kutwa. Jina lake Tatsuhei Murao, fundi wa lifti. Walikula katlesi zao wamesimama palepale, wakipuliza. Yeye akaungua ulimi, Chizuru akamcheka, na kabla karatasi za mafuta hazijatupwa walikuwa wamepeana namba za simu.

Tangu hapo kila mchana, Chizuru akiwa kwenye duka la miwani alikofanya kazi, simu ililia. Tatsuhei aliimba bila maneno wimbo wa tangazo la zamani, naye alitakiwa kutaja bidhaa.

"Haya, huu?"

"Dawa ya mbu!"

"Umekosa. Sabuni ya nywele. Yule dada aliyekuwa akigeuka polepole, nywele zinamfuata."

"Kumbe ulikuwa unaangalia wadada!"

"Nilikuwa na miaka saba, Chizuru. Umeshindwa, unaninunulia chakula."

"Tatsu, sema tu unataka kuniona."

"Nataka kukuona."

Chizuru akainua macho. Mbele yake mteja alikuwa anasubiri, amevaa fremu isiyo na vioo.

Mapenzi yakakolea. Wimbo mmoja tu Tatsuhei hakuwahi kuuimba. Chizuru akianza "Baba aoge," yeye hubadilisha mazungumzo. Chizuru alidhani ni haya tu, na haya za mpenzi wake zilimchekesha.

Kisha siku moja akalikuta tangazo lenyewe mtandaoni. Lilikuwa limewekwa na mtu mmoja anayekusanya matangazo ya kale. Mtoto mnene mwenye vazi jepesi la kimono alikuwa anamvuta bibi kizee mkono kuelekea kwenye maji ya mvuke. Chini ya jicho la kushoto mtoto alikuwa na kidoa cheusi. Kidoa kilekile cha Tatsuhei, alichokuwa amekibusu Jumapili iliyopita!

"Mwanamume huyu!" Chizuru akapiga kelele peke yake jikoni. "Ngoja nimkomeshe."

Wafanyakazi wa duka la miwani walifunga mwaka kwenye mgahawa wa chapati nene za kabichi, zile zinazokaangwa mezani mbele ya walaji. Tatsuhei alikuja na sweta jipya la kijivu, mikunjo ya dukani bado inaonekana, na wote wakampenda. Hapo Chizuru akainua simu yake.

"Nyamazeni! Nyota wa televisheni yuko mezani kwetu!"

Tangazo likaanza, na sauti ya mwanamke anayeimba ikatoka, changamfu, inayumba kidogo kwenye noti za juu. Meza nzima ikalipuka.

"Ndiye! Tazama mashavu hayo!"

"Bibi akigoma, mvute!" wakaitikia, wakigonga miiko ya chuma.

Tatsuhei alikuwa amepauka. Mwishoni mwa wimbo, yule mwanamke akaachia kicheko kifupi. Tatsuhei akainuka, akainama kwa heshima, akasema, "Samahanini," akatoka bila koti lake.

Chizuru akamkimbilia nje, hakumwona. Akapiga simu, haikupokelewa. Akaandika: "Nisamehe. Sikujua ungeona aibu." Tatsuhei akaisoma na kuchukia. Aibu? Huyu ananijua kweli? Hakujibu. Naye Chizuru akauchukua ukimya ule kuwa ndiyo kwaheri. Koti la Tatsuhei likaning'inia chumba cha nyuma cha duka, na hata wateja wakaona kwamba dada wa miwani haimbi tena.

Mwaka mpya ulikuwa umeshaingia simu ilipolia.

"Chizuru."

"Koti lako lipo. Nitakutumia."

"Achana na koti. Anayeimba wimbo ule ni mama yangu."

Chizuru akashika kabati la vioo.

"Hoteli ile ilikuwa yetu, na baba alitaka kuleta mwimbaji kutoka Osaka. Mama akasema, mimi nina kasoro gani? Akaimba. Alifariki nikiwa darasa la sita, hoteli ikafungwa, tukahamia Sakai. Baba hakumtaja tena. Nilikuwa nimeisahau sauti yake, Chizuru. Halafu ikatoka kwenye simu yako, katikati ya moshi wa kabichi."

"Tatsu... na mimi nilikuwa nacheka."

"Hukujua. Sikukuambia. Sasa kila siku nalifungua lile tangazo, kidole kinakataa kubonyeza. Siwezi peke yangu. Twende kwa baba Jumapili."

Mzee Shinzaburo Murao aliwapokea mlangoni na uso wa ndimu.

"Huyu ndiye aliyekukimbiza bila koti wakati wa baridi?"

"Ndiye, baba."

"Ana nguvu. Ingieni."

Simu ikawekwa mezani kati ya vikombe vya chai. Wimbo ulipoanza mzee aliukodolea macho ukuta. Kilipofika kile kicheko, akaigeukia simu.

"Alikuwa ananicheka mimi," akasema. "Nilisimama nyuma ya mtu wa kamera nampungia mama yako Fusae aongeze sauti. Kimono changu kikafunguka chote. Fusae hakuwa na adabu hata kidogo."

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Cheza tena."

Wakacheza tena na tena. Katikati mzee alisimulia jinsi Fusae alivyowafunga wageni kwenye karata, jinsi alivyogombana na wauza samaki. Tatsuhei alisikiliza kama mtu anayelishwa baada ya safari ndefu. Chizuru alimwona akimtazama baba yake, akajua kwamba yeye hatakubali kumwachia mwanamke mwingine mwanamume huyu.

Jioni walisimama stesheni ya Sakai, kwenye umati wa Jumapili. Treni ya haraka ikapita bila kusimama, Tatsuhei akamwinamia sikioni.

"Nini?" akauliza Chizuru. "Sikusikii!"

"Nimesema..."

"Paza sauti!"

"NIMESEMA TUOANE!"

Treni ilikuwa imeshapita. Stesheni nzima ilikuwa kimya. Watu wakageuka, na Tatsuhei akawa mwekundu hadi shingoni. Mama mmoja mwenye mfuko wa vitunguu vya majani akasogea.

"Dada, mjibu basi, treni yetu inakuja!"

"Unanipenda kiasi gani?" Chizuru akamuuliza Tatsuhei.

"Kiasi cha kujiaibisha mbele ya huyu mama."

"Basi ndiyo," akasema Chizuru, akimfunga kifungo cha juu cha koti. "Ndiyo, Tatsu. Ndiyo."

"Hongereni!" akasema mama wa vitunguu, milango ya treni ikifunguka. "Haya, pandeni, mnaziba mlango."