Sanduku la Barafu

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi bomba, na alinisimulia mwenyewe huku hataki hata kukaa.

Mwaka jana alikwenda kuwinda na kaka yake. Huyo kaka alikuwa mkali kwa mambo ya nyama. Sanduku la barafu halifunguliwi porini, maana kila ukifungua unaingiza joto. Yeye alikuwa analigonga tu ubavuni, ko, ko, anatega sikio, kisha anasema, "Barafu bado ipo."

Kaka akapotelea korongoni. Fundi alimtafuta mpaka mchana, akakata tamaa, akawasha gari.

"Barafu ilikuwa inayeyuka," alituambia. "Nyama ingeoza."

Basi nyama ikafika salama salimini. Tukaila msibani, msiba usio na maiti, na ilikuwa laini.

Mwaka huu alirudi kuwinda kule peke yake, na sanduku lilelile. Alasiri ukungu ukashuka, kukawa giza, hata mkono wake mwenyewe hauoni. Akiwa ndani ya hema akasikia nje: ko, ko. Kikafuata kimya, kama cha mtu anayetega sikio. Akatoka na tochi. Hapakuwa na mtu wala unyayo.

Akakimbilia nyumbani, akatoa nyama yote, akaosha sanduku, akaliweka stoo likiwa tupu.

"Mwanamume mzima unaogopa sanduku?" mkewe akamcheka, akaenda kuligonga kwa mzaha.

Likajibu kutoka ndani: ko, ko. Kisha wote wawili wakasikia meno ya mtu yakigongana kwa baridi.