Mkate wa Boga Uliofungiwa Mtungini

Katika bonde letu la Kentucky, hakuna aliyemfikia Oleta kwa mkate wa boga. Alipika boga, akaliponda, akalichanganya na mayai, sukari, mafuta, unga na poda ya kuumulia. Halafu akatia mdalasini, karafuu na kungumanga. Mkate huu haukandwi. Ukishachanganya, unaoka.

Lakini Oleta hakuuoka kwenye bati la kuokea. Alimimina mchanganyiko katika mitungi ya kioo, ile ya kuhifadhia matunda. Ukiiva, aliufunika ungali moto, kifuniko kikaubana. Mitungi ilikaa stoo, chini ya nyumba, mpaka Krismasi. Ndiyo iliyokuwa zawadi yake kwa majirani. Mama yake alifanya vivyo hivyo.

Mwezi wa Novemba mumewe alishindwa kungoja. Huyu ni Delbert, mchimba makaa mstaafu.

"Mtungi mmoja tu, bibie. Krismasi isije ikanikuta sina meno."

"Kwani sasa unayo mangapi? Haya, chukua!"

Oleta ana kisukari, hakuonja. Delbert aliumaliza peke yake, kwa kahawa. Ulinukia vizuri. Ulikuwa mtamu.

Kesho yake jioni kope zilimlegea. Alipita mlangoni akajigonga bega. Maneno yalimtoka mazito.

"Oleta... nakuona... wawili."

Oleta alipandwa na hasira. Delbert aliwahi kuwa mlevi, akaacha, akamwapia mkewe kwamba hatarudia.

"Umerudia, siyo? Mzee mzima, huna haya!"

"Sijanywa."

"Ulimi wenyewe unakusuta! Kalale kwenye kochi, usinisemeshe."

Akamwacha pale mpaka asubuhi. Hapo ndipo roho inaponiuma kila nikikumbuka, maana muda ule ulikuwa wa kumkimbiza hospitali.

Kulipokucha Delbert hakuweza kumeza hata maji. Oleta akapiga kelele kumwita Nadine, jirani yao, ambaye ni muuguzi. Nadine akamnusa mdomo, akamtazama macho.

"Dada Oleta, huyu hajalewa. Amekula nini?"

"Chakula changu tu! Na mkate wa boga, wa mtungini."

Nadine akachukua simu, akaita gari la wagonjwa. "Mitungi mingine usiifungue!" akasema.

Hospitalini Delbert alipewa dawa ya kupambana na sumu. Akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Oleta na Nadine wakakaa kwenye benchi.

"Kuna vijidudu vya udongoni," Nadine akaeleza. "Mbegu zake hazifi kwa joto la ndani ya mkate. Ukiufungia mkate wenye unyevu mahali pasipo hewa, zinaota, zinatoa sumu. Hiyo sumu hulegeza misuli mpaka mtu ashindwe kupumua. Huioni, huinusi."

"Mbona mama hakuua mtu?"

"Alibahatika, dada."

Oleta akajifunika uso. "Nimemwita mlevi, Nadine. Naye anakufa."

Siku ile Nadine alifunga mitungi yote katika mifuko miwili miwili, bila kuifungua, akaitupa mbali na mbwa na nguruwe. Kisha akamsimamia Oleta jikoni.

"Oka kwenye bati. Chomeka kisu katikati. Kikitoka kikavu, umeiva. Utoe, upoe kabisa, ndipo uufunge. Siku chache unakaa kwenye friji. Ukitaka ukae miezi, tia kwenye friza."

Oleta aliuoka akilia. Akautia kwenye friza, umngoje Delbert.

Krismasi ilipita, Delbert yuko kwenye mashine. Alirudi nyumbani theluji ikiyeyuka, amekonda, mguu anauburuta, kijiko kinamtetemeka mkononi. Daktari alisema huenda asipone kabisa. Lakini mwaka ule hakuna jirani aliyeugua, na siku hizi wanawake wa bonde letu wote wanaoka kwenye bati.

Oleta akautoa ule mkate, akaupasha moto, akamlisha. Delbert akatafuna polepole, kwa shida.

"Oleta."

"Naam, mume wangu."

"Sikunywa."

"Najua, Delbert. Najua."

Akamfuta makombo kidevuni, akamkatia kipande kingine.