Mashine Iliyoinuliwa Kama Mkungu

Kila siku baada ya shule, Raya alipitia sokoni Morogoro kumsaidia mama yake, Bi Mwanaheri, kupokea ndizi kutoka Matombo. Ndizi zilichaguliwa kwa kuinuliwa: mkungu ukikuvuta bega mpaka goti likaguna, huo ndio mkungu. Raya aliinua mingi hata watu wakasema akiamua, ataubeba mlima Uluguru na kuutua Turiani.

Miaka hiyo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila kitu kiliingia nchini. Mchuuzi mmoja, Stefano, akaleta kompyuta mbili kuukuu kutoka Dar es Salaam. Bi Mwanaheri alitaka moja ya kuchapia barua za watu kibandani kwake.

“Bei ni ile ile, mama,” Stefano akasema. “Chagueni moja, nyingine naondoka nayo.”

Raya akainua ndogo. Nyepesi kama tenga tupu. Akainua kubwa, jasho likamtoka.

“Hii ndiyo yenye nguvu,” akatangaza.

“Fundi wa ndizi kasema,” kaka yake Nasibu akadakia.

“Mwache,” mama akasema. “Yeye ndiye anayefundishwa kompyuta shuleni. Stefano, nifungie hiyo kubwa.”

Stefano alipokwenda kutafuta kamba, Raya alishindwa kujizuia. Akaiwasha ile kubwa. Kwenye kioo cheusi akaandika herufi tatu alizofundishwa na Mwalimu Editha: MEM. Akabonyeza Enter, mashine ikataja ukubwa wa kumbukumbu yake, yaani nafasi ya kufanyia kazi: 2048K. Mbio mbio akaiuliza ndogo. 8192K. Mara nne!

Alitaka kuruka kwa furaha, lakini akakumbuka kwamba ni yeye aliyeichagua kubwa. Akisema, Nasibu atamcheka mtaa mzima. Akinyamaza, hakuna mwingine anayejua kusoma tarakimu zile.

Stefano akarudi, akaanza kupitisha kamba.

“Mama, nimekosea,” Raya akasema. “Ndogo ndiyo yenye nguvu.”

Nasibu akaangua kicheko. Stefano akajikuna kichwa. “Hata mimi nilizibeba tu, sikuziuliza.”

“Iulize tena nione,” mama akaagiza.

Vichwa vinne vikabanana mbele ya kioo. Raya akaandika, na jibu likarudi lile lile.

Bi Mwanaheri akaifungua kamba kwa mkono wake. “Mkungu huinuliwa mwanangu, mashine huulizwa. Na aliyekosea husema kabla fundo halijakazwa, kama ulivyofanya. Nasibu, wewe uliyecheka, mrudishie Stefano ile kubwa kwenye gari.”

Nasibu akaikumbatia, akainuka. Goti lake likaguna.